Land Rover 109/110 au Land Cruiser 75: ipi ya kuifumua uwani kwako?

Wakuu, kila mtu akitaka kununua four wheel ya zamani aifufue mwenyewe nyumbani swali la kwanza ni injini, ina injini gani, inakula kiasi gani, inavuta vipi, na mi nasema hapo ndo watu wanapoanza vibaya. Injini inapatikana. Ikifa utatafuta nyingine ya mtumba au utaifumua utie ringi na beringi mpya na maisha yanaendelea. Kinachomaliza hela, kinachofanya gari ikae uwani mpaka kuku wanataga ndani, ni kutu. Na hizi gari mbili zinaoza sehemu tofauti kabisa, kwaiyo zinataka vifaa tofauti, fundi tofauti na mfuko tofauti. Ukilijua hilo ushamaliza nusu ya kazi ya kuchagua.

Kuweka sawa kwanza, nalinganisha Land Rover ndefu za zamani, yaani 109 Series III (zilitoka 1971 mpaka 1985) na 110 iliyoanza 1983, upande wa pili Land Cruiser 75 yenye 1HZ, ile ya kuanzia 1990, pamoja na HJ47 iliyotangulia yenye injini ya 2H. Hizo ndo ukizunguka Arusha, Moshi, Dodoma, Iringa unazikuta zimelala nyuma ya gereji, kwenye misheni, kwenye mashamba ya kahawa, moja haina milango nyingine haina giaboksi. Kwa wenzetu wa Kenya gari iliyozidi miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa kabisa, kwaiyo utakayopata ni iliyokuwepo humohumo nchini, na Land Rover nyingi za kule ziliunganishwa Thika. Huku Tanzania ya zamani unaweza kuleta ila ile kodi ya uchakavu itakufanya urudi kuangalia zilizopo mtaani.

Kutu iko wapi

Land Rover bodi yake ni aluminiamu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza chuma kilikuwa cha mgao na aluminiamu ilikuwa inapatikana, basi ikatoka hivyo 1948 na hawakuiacha mpaka ile ya mwisho inatoka kiwandani Solihull Januari 2016. Sasa watu wanasikia aluminiamu wanasema aah hii haiozi. Bodi haiozi kweli, ila chini yake kuna chesisi ya chuma, mbele kuna ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu yako, balkhedi, na milango ukiacha ngozi ya nje ndani ina fremu ya chuma. Yote hayo yanaoza kimyakimya huku bodi inang'aa, kama muhogo uliooza katikati, unaununua mzima unaukata unakuta rangi ya kahawia.

Namna ya kuipima sio ngumu. Njoo na nyundo ndogo na bisibisi kubwa, lala chini na kiboksi, anzia lile boriti la nyuma kabisa linalobeba ndoano ya kuvutia, gonga taratibu ukienda mbele. Chuma kizima kinalia ngii, ngii, nyundo inaruka. Chuma kilichooza kinajibu pwa, nyundo inakaa, na usoni unamwagiwa unga mwekundu na magamba, kwaiyo vaa miwani. Sehemu za kugonga bila huruma ni masikio ya springi, ile mikono ya pembeni inayobeba bodi, na juu ya chesisi usawa wa tenki la mafuta maana matope yanajaa pale na hayakauki. Halafu ingia ndani, nyanyua raba ya miguuni upande wa dereva na wa abiria, bonyeza kona ya chini ya balkhedi kwa bisibisi. Ikizama, balkhedi imeondoka. Muuzaji akikukataza kugonga, muage kwa heshima.

Cruiser mambo ni kinyume. Chesisi ya 75 ni chuma kizito, imefungwa kwa riveti, na nyingi ukizigonga zinalia vizuri hata zikiwa zimefanya kazi ya porini miaka yote, japo pale juu ya ekseli ya nyuma usipaache bila kugonga. Tatizo ni bodi. Bodi ni bati, bati jembamba lisilofika hata milimita 1 sehemu nyingi, na linaanza kuoza kwenye ule mfereji wa mvua juu ya milango, fremu ya kioo cha mbele, sakafu, vizingiti vya milango na kona za nyuma. Uzuri wake Cruiser haifichi, utaona rangi imevimba vipele. Ubaya wake imepita kwa mafundi wa puti, ile pasta ya kujazia mabonde ya bodi. Hapa nyundo haikusaidii, hapa chukua sumaku, hata ya spika mbovu, ifunge kwenye kitambaa isikwangue rangi, ipitishe kwenye bodi polepole. Inaposhika ni bati, inapoteleza na kudondoka ni puti, na ukikuta mahali pana kama sahani hapashiki basi jua pale hamna gari, pana unga uliopakwa rangi. Kwenye Land Rover jaribio hilo halina maana, sumaku haishiki aluminiamu popote.

Gari ilikoishi ni muhimu kuliko mwaka iliotoka. Ya Dodoma au Singida mkavu ni mali. Ya Tanga, Dar, Mombasa, iliyokuwa inalala karibu na chumvi ya bahari, shusha bei kwanza ndo uongee. Na zile zilizokuwa zinapiga ruti za Ziwa Natron kwenye magadi zikague mara mbili chini, yale matope yakiganda kwenye kona za chesisi yanafanya kazi ileile ya bahari.

Una mashine gani ya kuchomelea?

Swali hili ndo mi ningemuuliza mtu kabla ya kumuuliza ana bei gani. Chesisi ya 109 ni boksi tu, mabati manne bapa yamechomelewa kwenye pembe, unene kama milimita 2. Maana yake kiraka chake ni sahani bapa. Unakata sehemu mbovu yote mpaka ufike chuma cheupe, unapima, unakata bati la milimita 2 au 3, unachomelea kwa mashine ya fito, hizi inveta ndogo zinazotumia umeme wa kawaida wa nyumbani, fito nyembamba, umeme mdogo, unaenda kidogokidogo unaacha kipoe. Hata mtu anayejifunza anaweza kufika, weld yake itakuwa mbaya ataisaga na grainda. Ila toa tenki la mafuta kwanza, la pikapu liko chini ya kiti, na chomoa betri na waya za altaneta, mengi yamechomwa kwa uvivu huo. LUKU itakimbia, jiandae.

Fito hiyohiyo ukiipeleka kwenye bati la mlango wa Cruiser inatoboa. Unaziba tundu unazalisha matatu. Bodi ya Cruiser inataka mashine ya migi, ile inayochomelea kwa waya, au fundi wa gesi mwenye mkono, na baada ya hapo inataka mtu wa kunyoosha, na baada ya hapo puti kidogo ya halali, praima, msasa, rangi. Kifupi bodi ya Cruiser kwa watu wengi sio kazi ya nyumbani, ni kazi ya kumlipa fundi bodi, na fundi bodi mzuri ana foleni na hana haraka na wewe.

Kwenye Land Rover huchomelei bodi kabisa. Mabawa ya mbele yameshikwa na bolti, milango bolti, paa bolti, lile boksi la nyuma bolti. Likipinda unafungua unaweka jingine la gari iliyokufa. Watu wawili na spana mnaivua 109 ikabaki chesisi na injini bila kukata kitu, Cruiser huwezi kuifanyia hivyo kirahisi. Mambo mawili tu uyashike: aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu inaliwa na kutoa unga mweupe, kwaiyo unaporudisha weka raba au silanti katikati ya hivyo viwili, na rangi haishiki aluminiamu bila praima yake maalumu ya kung'ata, ukipaka praima ya kawaida mwakani inabanduka kama plasta.

Spana na bolti

Dogo lakini linaudhi. Cruiser yote ni milimita, ukiwa na 10, 12, 14, 17 na 19 umeshafika mbali sana, na hizo kila nyumba yenye pikipiki inazo. 109 ni inchi, 7/16, nusu, 9/16, na ukilazimisha ya milimita inayokaribiana unaivua kichwa bolti iliyokaa pale kabla hujazaliwa. 110 ndo vurugu kabisa, imechanganya, hapa 13, pembeni yake 9/16. Nati kubwa ya beringi za gurudumu Cruiser inataka boksi la 54, Land Rover 52, na tafadhali nunua au azima, usiigonge kwa patasi kama tunavyoona gereji nyingi, zile alama za patasi ukizikuta kwenye gari unayotaka kununua zinakuambia ilikuwa inahudumiwa na nani.

Injini, maana najua mnaingojea

109 nyingi zina 2286 cc, petroli au dizeli. Dizeli yake nguvu ni kama farasi 62 hivi, kwa gari ya uzito ule maana yake mlima unaupanda ukiwa umeweka gia ya pili na subira. Petroli inaenda vizuri zaidi ila inakunywa, kilomita 5 au 6 kwa lita na hapo hujabeba. Barabarani utulivu wake ni 70 mpaka 80, ukizidisha kila kitu kinapiga kelele na wewe pia. Lakini kwa mtu anayejifunzia nyumbani sijaona injini rahisi kama ile ya petroli: pointi, kondensa, kabureta, mwisho. Ile kabureta ya Zenith kwa mfano, ugonjwa wake maarufu ni uso wa juu kupinda kwa joto, gari inasumbua ikiwa imesimama inaunguruma na haitulii, na watu wanatupa wananunua ya Kihindi. Tiba yake ni kuifungua, kutandika msasa laini juu ya kioo bapa, kusugua ule uso kwa duara bila kukandamiza mpaka mng'ao uwe sawa kona zote, unarudisha na gasketi mpya. Kazi ya jioni moja na kikombe cha chai.

1HZ ni dunia nyingine. Silinda 6, cc 4164, pampu ya kimakanika, hamna kompyuta, na ndo maana Cruiser hizi zimejaa kwenye mashirika, hospitali za misheni na kampuni za utalii. Ikitunzwa huna sababu ya kuifungua. Angalia taiming belti tu, inabadilishwa kila kilomita 100,000 na kuna taa yake kwenye dashibodi, taa ambayo kwenye gari nyingi za huku imeshazimwa isiwake ili mteja asiulize. Belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Na siku utakayoifungua kumbuka ni sita, nozo sita, pistoni sita, hedi ndefu, bili ndefu. 2H ya HJ47 nayo ni sita, haina belti, inatumia gia, ni nzito na haina haraka ila ni ngumu kuua.

110 ya 300Tdi iko katikati. Silinda 4, cc 2495, turbo, bado ya kimakanika, inavuta kwa raha na haili sana. Magonjwa yake mawili, taiming belti kwenye zile za mwanzo ilikuwa inakaa upande inalika, kuna seti ya vipuri vya kurekebisha ilitoka, muulize muuzaji kama iliwekwa, na pili maji, ikipoteza maji kidogo hedi inakwenda. Ukikuta 110 ya Td5, iliyokuja 1998, ni gari nzuri ila ina kompyuta, na oili ina tabia ya kutambaa ndani ya waya za nozo mpaka kufika kwenye plagi ya hiyo kompyuta, kwaiyo kama nia yako ni kukarabati mwenyewe na spana mi nisingeichukua.

Ukibadili injini

Wengi wa 109 wanafikiria kuweka injini nyingine. Rahisi kuliko zote ni 200Tdi, za kwenye Discovery za mwanzo, maana ni ukoo uleule wa hiyo 2286 cc, inakaa kwenye giaboksi ya Series ukihamisha hausingi ya flaiwili na flaiwili yenyewe ya zamani. Ukimaliza tatizo linahama, injini inataka kukimbia na difu za uwiano wa 4.7 hazitaki, kwaiyo utaishia kutafuta za 3.54. Hapa watu wanapigwa: wanauziwa difu mbili za Range Rover, ya mbele inaingia, ya nyuma haiingii, kwa sababu 109 ya Series III nyuma ina ekseli ya Salisbury na difu yake ni ya kwake. Tafuta Salisbury nzima ya 110. Na breki zifuate nguvu, 109 ni drami pande zote nne, inchi 11, zikisetiwa vizuri zinakamata ila zikilowa maji ya mtoni breki ya kwanza ni ya kukumbushia tu, hamna kitu.

Kuweka 1HZ kwenye Land Rover inafanyika na nimeiona inatembea, ila injini ni ndefu na nzito, unakata hapa unatengeneza adapta pale, mwisho una gari ambayo fundi wa Toyota hataki kuigusa na fundi wa Land Rover hataki kuigusa.

Kwa Cruiser kishawishi ni turbo. Usifunge turbo kwenye 1HZ ukaisukuma, haikuundwa kwa hilo, joto linapanda hedi inapasuka. Toyota wenyewe walipotaka turbo walitengeneza 1HD-T, injini tofauti ndani. Ukitaka kasi tafuta hiyo, ukishindwa ishi na 1HZ ilivyo, mlima utapanda.

Kuipandisha na kuipamba

Hapa tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyobishana. Tairi zote mbili zinakubali 7.50R16, saizi inayotumika mpaka kwenye Canter, kwaiyo hata wilayani unaipata. Rimu za Land Rover zina nati 5 na nafasi yake ni ya ukoo wake peke yake, za Cruiser 75 zina nati 6 sawa na Hilux, hapo Cruiser inakupa uchaguzi. Ila 75 nyingi zina rimu za ringi, zile za vipande. Ukizijaza upepo nyumbani zifunge mnyororo au ziingize chini ya gari ringi ikiangalia chini, ile ringi ikiruka haina mjadala.

Springi za 109 na 75 ni za majani mbele na nyuma, na tabia yetu ni kuongeza majani, gari inapanda juu inapendeza, halafu unaendesha Makuyuni vumbi likiwa limekauka unarudi na mgongo wa mzee. Kama hubebi mzigo kila siku, punguza badala ya kuongeza. Kwa Land Rover kuna springi za parabola, majani mawili matatu tu yasiyosuguana, bei imechangamka ila ndo mabadiliko utakayoyasikia siku ya kwanza. 110 yenyewe ina springi za koili, abiria wa nyuma watakushukuru. Pia 110 ni four wheel muda wote, usiiloki difu ya katikati kwenye lami kavu, na zile za mwanzo zenye giaboksi ya LT77 zinatumia ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, sio oili nzito, mafundi wengi wanamimina ile ya difu halafu wanashangaa gia ngumu asubuhi.

Mkonga, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu. Cruiser mkonga imekuwa mpaka jina la gari, sasa kila mtu anataka. Mkonga bila kuziba maungio ya bomba la hewa mpaka kwenye eyakilina ni pambo. Na hata ukiziba, kama hujapandisha vile vipumulio vya difu na giaboksi kwa mpira mpaka juu kwenye bonati, ukiingia mtoni na difu ya moto inapoa ghafla inanyonya maji. Mpira wa mita chache na klipu. Kazi hiyo ya bei ndogo ndo hamna anayeifanya kwa sababu haionekani kwenye picha.

Kwenye magurudumu ya mbele zote mbili zina ile mipira mikubwa ya chuma. Ya Land Rover inang'aa, uso wake ukitoboka vidoa oili inavuja hata ubadili sili kila mwezi. Ya Cruiser ina grisi ndani, sili ya ndani ikichoka oili ya difu inaingia kwenye grisi yote inakuwa majimaji na inatoka kupaka gurudumu lote. Kazi zote mbili unaweza kuzifanya chini ya mwembe, chafu, lakini hamna siri. Nunua vitambaa vingi.

Spea na watu

Toyota spea iko kila mahali, Gerezani, Kirinyaga Road, Unga Limited, na shida yake ni feki, boksi zuri ndani takataka. Nenda na namba, ya Toyota ina tarakimu 10, ifananishe na uliyoifungua, shika zote mbili mkononi upime uzito. Land Rover spea zake ni chache madukani ila ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na zinatengenezwa mpaka leo, mpaka chesisi nzima mpya iliyochovywa zinki inapatikana Uingereza, ni usafiri tu ndo utakaokuliza. Ukiwa na namba inayoanza na RTC au STC muuzaji anakuelewa bila maelezo. Kitakachokusumbua ni watu. Mafundi wanaoijua 109 kwa kuisikiliza ni wazee sasa, wengi walitoka kwenye karakana za serikali, vijana hawana habari nayo. Ukimpata mzee kama huyo mtaani kwako hiyo ni hoja ya kuchagua Land Rover kuliko zote nilizoandika hapa. Arusha na Moshi bado wapo, na Arusha ukichelewa kuamini kwamba watu bado wanazipenda kumbuka walivyofurika na Land Rover zao kwenye lile tamasha la Oktoba 2024.

Kuhusu bei, kwa ninavyoona mtaani 75 yenye bodi nzima inauzwa hela ambayo ungepata 109 mbili mbovu na bado ukabaki na ya kununulia mashine ya kuchomelea. 75 ya bei ya chee ipo, ila bodi yake imekwisha na bodi ndo gharama. Kwaiyo mtu mwenye kipato kidogo kidogo cha kila mwezi, ana uwa, ana mashine ya fito, hana haraka na ana usafiri mwingine wa kwendea kazini, 109. Anafanya kipande kwa kipande, mwezi huu masikio ya springi, mwezi ujao breki. Mwenye shamba au kazi inayoisubiri gari, asiyeweza kukaa nayo ikiwa imefumuliwa, atafute hela nzima anunue 75 yenye bodi safi hata kama injini inatoa moshi, injini ataitengeneza. Mwenye familia anayetaka kwenda nayo kijijini Desemba, 110 ya 300Tdi, akague balkhedi na maji. HJ47 ichukue kama umeipenda kwa moyo tu, bei zake zimeshaanza kupandishwa na wakusanyaji.

Hilux nayo, maana lazima mtaiuliza. Ile LN106 yenye 3L, ekseli nzima mbele na springi za majani, ni ndogo kuliko hizi, cc 2779, nyepesi, spea bei rahisi kuliko zote na kila kijana wa gereji anaifumua macho yamefumbwa. Kama hili ndo gari lako la kwanza kufungua na huna mapenzi na jina lolote, chukua hiyo. Angalia chesisi nyuma ya kabini, zilizobebeshwa sana zinapasuka hapo.

Halafu karatasi, na hili lifanye kabla hela haijatoka mfukoni. Namba ya chesisi ya 109 imegongwa mbele kulia kwenye sikio la springi, ya 110 mbele kulia ubavuni mwa chesisi, ya Cruiser nayo mbele kulia karibu na gurudumu. Piga msasa, mwagia dizeli, isome kwa macho yako ulinganishe na kadi. Kwenye Land Rover pale ndo panapooza, kwaiyo unaweza kukuta sikio limebadilishwa na namba imeondoka na chuma cha zamani, na gari ya namna hiyo hata ukiifanya nzuri vipi haiandikishwi kwa jina lako bila kuzungushwa. Injini ikiwa sio ile ya kwenye kadi, au rangi imebadilika, muuzaji ndo arekebishe TRA kabla ya kukukabidhi. Na wewe ukibadili injini baadae hifadhi risiti yake na nakala ya kadi ya gari ilikotoka, utaulizwa.